Shahidi wa Nyati

Pale Morotonga, ukitaka kulimiwa shamba na maksai wanaosikia, unaambiwa nenda kwa Matiko. Na ukishamwita, jiandae kusikiliza. Ana miaka hamsini na miwili, mwembamba, mguu wa kulia anauburuta kidogo, na mdomo wake tangu azaliwe haujawahi kupata likizo. Ataanza na mvua zilizochelewa, ataingia kwenye ugomvi wa diwani na mwenyekiti, na kabla jembe halijamaliza mistari mitatu atakuwa ameshafika porini. Huko porini ndiko alikoumaliza ujana wake, na watu walimpenda kwa hadithi za huko. Moja tu ndiyo aliyokuwa haisimulii, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo, maana kila mtu alidhani anaijua.

Serikali iliwaita wawindaji wa huko majangili. Kwao waliitwa wanaume, na nyama yao ililiwa na wachungaji na walimu bila mtu kuuliza imetoka duka gani. Matiko aliingia porini ana miaka kumi na sita, na waya, upinde na panga, pamoja na Heche, mwenzake wa jando. Wawili hao walisimama mstari mmoja, wakakatwa asubuhi moja, wala hakuna aliyepepesa jicho. Kwa Wakurya, damu ya namna hiyo inafunga kuliko ya tumbo moja. Mwenzako wa jando humkimbii. Akikuita, unaitika. Na wawindaji waliongeza la kwao: nyati akimwangusha mwenzako, hupandi mti, unamshika mnyama mkia au unampiga hadi akugeukie wewe. Aliyekimbia hapewi kiti wala kibuyu cha togwa, wanawe wakitaka kuoa wanaulizwa baba yenu ni yule aliyekimbia, na hilo halina kikomo.

Miaka minane iliyopita, Heche alirudi kutoka porini akiwa maiti, amebebwa kwenye machela ya miti. Matiko ndiye aliyekuja kuita watu. Alisema wamevamiwa na askari wa wanyamapori, Heche kapigwa risasi, yeye kaponea chupuchupu kichakani na mguu wake umechanika. Alisema askari wale walikuja moja kwa moja, kama watu walioelekezwa njia. Hakutaja aliyewaelekeza. Hakuwa na haja, kijiji kilipiga hesabu chenyewe. Skauti wa wanyama wa kijiji, anayepeleka taarifa kwa askari hao, alikuwa mmoja, anaitwa Tomaso, ana watoto watatu. Wakamuuliza Matiko: ni Tomaso? Matiko akainamisha kichwa akaanza kulia, na wao wakakihesabu kilio kile kuwa ndiyo.

Kwa kuwa Heche alikufa katika kazi isiyoruhusiwa, hapakuitwa daktari wala polisi. Mke wake, Gati, alimwosha mwenyewe akisaidiwa na shangazi, na marehemu akazikwa kabla jua halijashuka. Kesho yake saa sita mchana, Godwin, mdogo wake Heche, na vijana wanne walimkuta Tomaso mtoni akinywesha mbuzi. Walimlaza, wakamnyoosha mkono wa kulia juu ya gogo. Panga lilikuwa butu, kwa hiyo Godwin alipiga mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kati ya pigo na pigo Tomaso alikuwa anawaambia hajui chochote, anawataja kwa majina yao, anawakumbusha mama zao. Kiganja walikitupa majini. Matiko alikuwa kwake akichonga nira, akausikia ukelele ule ukivuka shamba la mihogo. Alijua ni wa nani na alijua kwa nini. Akaendelea kuchonga.

Baada ya hapo aliacha uwindaji, akaokoka, akanunua maksai. Watu walisema msiba umembadilisha. Tomaso naye hakuhama, ingawa aliacha uskauti. Alijifunza kulima kwa mkono mmoja, na watoto wake wakajifunza kwenda shule wakiitwa watoto wa msaliti. Jumapili alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na nafasi yote pembeni yake ilibaki tupu. Matiko alikuwa anakaa mbele, pembeni ya kwaya. Miaka minane, kila Jumapili, aliuhisi mkono usiokuwepo ukimgusa kisogoni, na hakugeuka hata mara moja.

Mambo yakakaa hivyo hadi walipokuja watu wa tafsiri.

Hawa walitoka Nyarero, upande wa Tarime, na kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu anaitwa Winfrida. Kazi yao ilikuwa kuitafsiri Biblia katika Kikurya, na hawakutaka kunakili tu kutoka kwenye Kiswahili. Walikuwa na utaratibu wao, na waliushika kwa ukali. Neno likiwa gumu, wanalipeleka kwa watu. Wanamtafuta mtu aliyekiona kitu kile kwa macho yake, anasimama mbele ya wote anakieleza pasipo kusaidiwa, na yeyote mwenye swali anamuuliza mpaka aridhike. Maneno ya kondoo waliyamalizia Itiryo kwa wafugaji. Sasa walikuwa na mnyama aliyewashinda, na Nyarero, kwenye mahindi na ng'ombe, hapakuwa na wa kumuuliza.

Jumamosi asubuhi kanisa likajaa. Gati, mjane, alikaa benchi la kwanza kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Godwin, siku hizi mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, alisimama ukutani. Wanaume waliotoka mashambani waliacha mapanga yao barazani, kama ilivyo desturi. Tomaso alikaa palepale pake.

Winfrida aliwaeleza shida bila kuzunguka. Waebrania, alisema, walimwita mnyama huyu re'em, na hawakutuachia picha. Wagiriki walipofika kwenye neno hilo hawakujua ni nani, wakaandika "mwenye pembe moja". Waliokuja nyuma yao wakaamini, na wachoraji wakachora, ndiyo maana katika makanisa ya kale huko Ulaya utaona farasi mweupe mwenye pembe moja amelala miguuni pa Bikira Maria, mnyama ambaye hajawahi kula majani popote duniani. Wengine wakasema hapana, huyo ni faru. Wengine wakasema nyati. Na wasomi wa leo wanadhani alikuwa ng'ombe wa mwituni, mkubwa na mkali, ambaye alikwisha kabisa zamani.

Mzee Revocatus, katekista wa zamani, aliomba ruhusa akasema yeye farasi yule alimwona kwa macho yake, utotoni, ametariziwa kwenye kitambaa cha misheni, na padri aliwaambia ni mfano wa Kristo. Je, sasa wanataka kumtoa Kristo waweke nyati? Watu wakaguna. Winfrida alimjibu kwa heshima, akimwita baba, kwamba mahali pengine mnyama huyohuyo mmoja anatajwa kuwa na pembe zaidi ya moja, na mahali pengine Mungu anamuuliza Ayubu kama anaweza kumfunga kamba akalima naye, au kumlaza zizini. Hapo kanisa likacheka. Mtu mmoja akamwambia Matiko aache maksai, afunge nira nyati wawili, shamba litakwisha kabla ya chai. Matiko akacheka kuliko wote. Alikuwa na furaha siku ile, hili lazima lisemwe. Alipenda kuulizwa.

Kisha Winfrida akasoma zaburi. Ni ya mtu aliyezungukwa: mifupa yake imeachana, ulimi umekauka, na wabaya wake ni mafahali, mbwa, simba. Mwishoni mwa kilio chake analia kutoka kwenye pembe za mnyama yule, na anajibiwa. Winfrida alisema hapa neno lina uzito, kwa sababu msomaji akiona farasi mzuri wa kitambaani hataelewa mtu huyu analilia nini. Akauliza nani hapa amewahi kumwona nyati akiua.

Kanisa zima likamgeukia Matiko, naye akasimama.

Alianza kwa utani, akasema faru ni mkali lakini mjinga, anapita kama lori lisilo na breki, ukikaa pembeni amekwenda zake. Simba anaua kwa njaa. Nyati anaua kwa chuki. Ukimjeruhi anaondoka, unadhani amekwenda kufa, kumbe anazunguka na kukusubiri kando ya nyayo zake mwenyewe. Sasa sauti yake ilikuwa imeanza kupanda na mikono ikafanya kazi.

"Nyati hachomi kama mkuki," alisema. "Anainamisha kichwa mpaka pua inagusa nyasi, anapita chini yako, halafu ananyanyua. Ncha inaingia hapa, chini ya mbavu. Kwa nje unaona tundu dogo tu. Lakini pembe imepinda, kwa hiyo ikishaingia inapanda, inatafuta bega, na huko ndani inakata kila kitu. Anakutupa juu, ukianguka anakuokota tena. Akichoka anapiga magoti juu yako, anakusaga kifua kwa lile bamba la kipajini. Mtu wa nyati ukimnyanyua, kifua kinabonyea kama gunia lililomwagwa mahindi nusu. Na muda wote huo anaweza kuwa hai. Anaweza kuongea."

Winfrida aliacha kuandika. Katika benchi la kwanza, Gati alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa benchi, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeulizia chumvi.

"Hilo tundu, shemeji, linakuwa upande gani?"

"Kushoto," Matiko akasema.

Lilimtoka kabla hajalipima. Gati akatikisa kichwa taratibu.

"Nyati ana pembe mbili. Umejuaje ni kushoto?"

Gati akawageukia watu, akawaambia kwamba yeye ndiye aliyemwosha Heche. Tundu lilikuwa kushoto chini ya mbavu, dogo, na upande wa pili hapakuwa na pa kutokea. Alipomgusa kifua mkono ulizama. Aliuliza, akaambiwa risasi ikiingia ndivyo inavyovunja mifupa, na yeye alikuwa hajawahi kumwona mtu wa risasi, akaamini. Miaka minane aliamini. "Leo nimesikia mwili wa mume wangu unaelezwa," alisema, "tena na mtu anayetuambia ni kazi ya nyati."

Uongo haukukosekana. Matiko aliuona umekaa tayari, umepangwa vizuri: aseme aliliona tundu walipombeba. Lakini kusema hivyo ni kukubali kwamba alilijua kuwa la pembe tangu siku ile. Aliutafuta mwingine. Aliwatazama watu waliokuwa wanamcheka kwa upendo dakika tano zilizopita, akaona kwamba akitulia kidogo wataanza wenyewe kumtafutia njia, kama walivyomfanyia mara ya kwanza. Jasho lilimshuka hadi kwenye kope. Kisha akageuza shingo, kwa mara ya kwanza katika miaka minane, akatazama benchi la nyuma. Tomaso alikuwa amekaa vilevile. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anasikiliza tu, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesomewa barua.

"Hapakuwa na askari," Matiko akasema.

Akaeleza. Dume zee lilinaswa mguu kwenye waya wao, likaukata. Heche akalipiga mshale, wakalifuata, nalo likawazungukia likatokea nyuma. Lilimpata Heche. Matiko akapanda mgunga, mwiba ukavunjikia gotini, na huo ndio mguu anaouburuta. Juu ya mti alikuwa na upinde na mishale sita. Hakutumia hata mmoja, kwa sababu ukimpiga nyati anajua ulipo.

"Alikuita?" Gati akauliza.

"Aliniita."

"Alisemaje?"

"Matiko, shuka. Alisema hivyo tu. Matiko, shuka."

"Ukamjibu nini?"

"Sikuitika."

Kuna mwanamke aliyeanza kulia nyuma, akanyamazishwa. Matiko alimaliza yaliyobaki akitazama sakafu. Yule mnyama alimwinua Heche mara tatu, halafu akasimama juu yake mpaka jua likawa utosini, na ilikuwa lazima kukaa mtini na kusikiliza. Aliporudi nyumbani alijua atakayoulizwa, na alijua hatakaa kwenye kiti cha mwanamume tena maisha yake, wala wanawe. Ndipo akasema askari. Walipomuuliza kama ni Tomaso, alilia, na alijua kilio chake watakifanyia nini.

Godwin hakumtazama Matiko. Alimtazama kwanza Tomaso, ule mkono ulioishia kwenye shati lililofungwa fundo, akautazama muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia. Kisha akatoka barazani. Kila mtu alijua anafuata nini, na kwa kitambo hakuna aliyesogea, kwa sababu wengi mle ndani waliona ni haki yake. Akaingia na panga la mtu mwingine, lililonolewa asubuhi ileile. Pigo la kwanza lilitua kati ya shingo na bega, mfupa ukalia. Matiko akaanguka kwenye benchi, akaweka mkono wa kulia juu ya ubao ajiinue, au labda kwa makusudi, yeye mwenyewe mpaka leo hajui. Pigo la pili likachukua vidole viwili na kukwama kwenye mbao. Damu ikaruka hadi kwenye karatasi za zaburi. Godwin alikuwa analing'oa panga apige la tatu, huku ananguruma maneno yasiyoeleweka, alipokamatwa kiuno na Gati, kisha na wanaume wanne, wakaviringishana chini wote. Winfrida alivua mtandio akaukaza begani kwa Matiko.

Tomaso hakuinuka. Alikaa mpaka Matiko alipotolewa, akaokota kofia yake, akaenda nyumbani.

Hospitalini walimshona nyuzi ishirini na saba. Siku ileile Godwin alijipeleka kituo cha polisi na nguo zake za damu, akaeleza mikono yote miwili, wa Tomaso na wa Matiko, na alianza na ule wa kwanza. Watu wa tafsiri walirudi Nyarero wakiwa wameandika nyati, na mzee Revocatus hakubisha tena.

Siku ya tatu Tomaso akaja wodini. Alivuta kiti kwa mkono wake mmoja, akakaa, akauliza hali. Matiko alikuwa ameandaa maneno usiku kucha. Alianza kuomba msamaha, akalia, akaendelea, na Tomaso akamwacha amalize, jinsi unavyomwacha mtoto amalize kukohoa.

"Nina swali moja," Tomaso akasema. "Ulitaka kusema, au Gati alikubana?"

Jibu zuri lilikuwepo, na mtu aliyelala pale alikuwa hodari wa majibu mazuri.

"Alinibana," Matiko akasema. "Asingeuliza, nisingesema."

Tomaso akatazama dirishani. Alisema kama angejibiwa vingine angetoka na asingerudi. Kuhusu msamaha hakusema lolote. Alisema tu kwamba ana watoto watatu nyumbani, na mguu mmoja wa Matiko bado unatembea, unaweza kumfikisha kwao.

Wiki mbili baadaye Matiko alikwenda, mkono umefungwa shingoni, amekonda zaidi. Tomaso aliwapanga watoto kwenye kiambaza. Mkubwa, Agustina, alikuwa na miaka kumi na saba sasa. Alipokatwa baba yake alikuwa na tisa, na ndiye aliyemfunga kanga kwenye jeraha na kumkokota kutoka mtoni. Matiko alikataa kiti. Aliwasimulia yote akiwa wima, kuanzia ule waya hadi kilio chake, bila kupamba, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Akamalizia kwa kusema kwamba baba yao hakumsaliti mtu yeyote, kamwe.

Wadogo wakamtazama dada yao. Agustina alikuwa amesikiliza macho makavu.

"Sisi tulijua," akasema. "Baba alituambia siku ileile, tukamwamini. Sisi hukutudanganya, mzee. Nenda kwa wale uliowadanganya."

Matiko akamtazama Tomaso, na Tomaso akainama, akaendelea kutoa udongo kwenye jembe lake kwa kisu. Morotonga ina nyumba nyingi. Kutoka pale uani unaziona zimetawanyika mpaka barabara ya Mugumu, mabati na nyasi, na katika kila moja kuna mtu aliyewahi kumwita binti huyu mtoto wa msaliti. Matiko akaaga. Akavuka uzio wa minyaa akiburuta mguu, akafika kwa jirani wa kwanza, watu ambao hawakuwa kanisani Jumamosi ile, akasimama getini akapiga hodi.